Kupiga CT Pafu Bandia Kutafuta Mabonge ya Damu

Pafu bandia ni kifaa cha nje ya mwili kinachoipa damu oksijeni: gesi hupita ndani ya nyuzi nyembamba zenye uwazi, damu ikipita nje yake. Kulitafutia mabonge kwa CT, yaani mashine ya eksirei inayopiga picha za ndani kipande kwa kipande, huharibika mashine yenyewe ikiwa bado haijawashwa. Pampu inayozungusha damu ikizimwa, damu iliyotuama ndani ya pafu bandia huganda, na pichani hufanana kabisa na bonge lililojijenga damu ikizunguka. Maji ya chumvi ya kusafishia yawe tayari kabla ya kuzima.

Kwa majaribio Kisumu, damu ya ng'ombe yatosha. Elewana na afisa wa mifugo wa machinjioni, ikinge papo hapo: mililita 900 kwenye chombo chenye mililita 100 za sodiamu sitreti ya 3.2%, ambayo hufunga kalisiamu ili damu isigande, ukikizungusha taratibu. Ibebe kwenye kisanduku cha baridi, maana jua la mchana kule halina huruma. Haitaganda hadi uirudishie kalisiamu. Kalisiamu hiyo iingize kidogo kidogo, mbali na pafu. Ukiimwaga kwa pamoja, damu itaganda hapo hapo kalisiamu inapoingilia.

Jaribio likiisha, tundika maji ya chumvi ya 0.9%, yenye nyuzijoto 37, mita moja juu ya kifaa. Yashuke kwa uzito wake, yakifuata njia ya damu, mpaka yanayotoka yawe meupe. Lita 2 hutosha mara nyingi. Usikamue mfuko wala kugeuza mkondo, bonge changa litang'oka. Mwaga yote, kisha pitisha hewa kavu upande wa gesi. Mvuke ulioganda kuwa maji ndani ya nyuzi hukudanganya vilevile.

Toa kihisi joto cha chuma, kwani hutapakaza michirizi kwenye picha. Funga kifaa kwa mifuko 2. Mtu wa eksirei hatakushukuru kwa damu kitandani pake. Piga kwa 120 kV, vipande vya milimita 0.6.

Hewa husoma karibu -1000 kwa kipimo cha Hounsfield (namba za CT za jinsi kitu kinavyozuia eksirei), maji 0, na bonge makumi machache tu juu ya maji. Tone lililobaki basi ni mtego. Geuza kifaa juu chini, subiri dakika 10, upige tena: kilichohama ni maji. Yaliyonaswa katikati ya nyuzi hayahami, ndiyo maana unahitaji picha ya kifaa hicho hicho kikiwa kipya, kilicholoweshwa na kumwagwa vivyo hivyo, kilicholazwa vivyo hivyo. Linganisha hizo mbili, ukianzia kwenye pembe na pale nyuzi zilipogandishwa kwa gundi, ambako damu hupita polepole.

Uzi mmoja una unene wa milimita 0.38 hivi, kwa hiyo CT ya hospitali huonyesha bonge lilipo, si limeundwa na nini. Kujua hilo, kata ganda la nje la kifaa kwa msumeno, chukua vipande vya nyuzi vya sentimita 1, vilaze usiku kucha kwenye glutaraldehaidi ya 2.5%, kemikali ya kuhifadhi umbo la sampuli, ndani ya friji, kisha vipitishe kwenye ethanoli ya 30, 50, 70, 90 na 100% kabla ya hadubini ya elektroni. Ukivianika tu vikauke, wavu wa faibrini, nyuzi za protini zinazoshikilia bonge, hulala bapa na chembe za damu husinyaa, na sampuli hiyo hairudishiki.