Somo: Kuifufua redio kaseti ya zamani usikilize kanda zako za taarab

Asalaam aleikum jamaa. Tangu niseme nimeiamsha redio kaseti ya marehemu mjomba, watu hawanipi nafasi, kila mtu anataka kujua nimefanyaje. Basi leo nimekaa kitako niandike yote, nikinyamaza katikati mjue umeme umeondoka.

Kwetu Kikwajuni kuna sanduku la kanda, nyengine za Culture, nyengine za Ikhwan Safaa, vikundi vya taarab vya hapa Zanzibar, na nyengine zimerikodiwa harusini tu, mtu kaweka redio juu ya meza akabonyeza vitufe viwili akaenda zake kula. Hizo za harusini ndo roho yangu. Kuna moja, baina ya nyimbo mbili, bibi yangu anasikika wazi kabisa, "nani kachukua birika langu?" Hiyo huipati mtandaoni hata ukeshe. (Ikhwan Safaa yenyewe ni ya 1905 na kaseti imetoka 1963, yaani kundi limeizidi mashine miaka 58, na kundi bado lipo!)

Haya, kazi.

Kwanza kabisa, kabla hujachomeka popote, geuza redio usome nyuma. Ukikuta 100V hiyo ni ya Japani, na sisi umeme wetu ni 230, ukichomeka moja kwa moja transfoma inaungua. Mie hiyo ya kwanza niliyonunua ya mtumba nilichomeka kwa furaha, ikatoa moshi hata wimbo mmoja haijapiga, mke wangu akaniuliza ndo taarab hiyo? Kwa hiyo ya Japani tumia betri au tafuta transfoma ya kushushia.

Pili, nyumba ya betri. Hewa yetu hii ya chumvi na betri zilizosahauliwa miaka kumi, utakuta vyuma vimeota unga mweupe au wa kijani. Futa kwa siki kidogo kwenye kijiti cha pamba, kisha spiriti, acha ikauke, halafu kwangua na msasa mwembamba mpaka chuma king'ae. Redio nyingi zinazosemwa zimekufa ugonjwa wao uko hapa tu.

Tatu, fungua. Bisibisi ya nyota ndefu maana skrubu nyengine ziko chini ndani ya matundu. Piga picha kwa simu kila hatua, na kila skrubu iweke mahala pake, mie natumia kile kibati cha kutilia mayai. Ukiinua mfuniko usivute kwa nguvu, kuna waya za spika.

Nne ndo penyewe, mkanda wa mpira unaotoka kwenye mota. Mara nyingi utaukuta umelegea, au umeyeyuka umekuwa kama lami, na ukigusa hiyo lami umekwisha, itahamia kwenye vidole, kanzu, pazia, mtoto. Vaa glavu, toa yote kwa spiriti mpaka magurudumu yawe makavu. Kupima mkanda mpya zungusha uzi pale ulipokuwa unapita ule wa zamani, pima kwa rula, halafu punguza kama sentimita moja kwa kila ishirini ili ubane kiasi. Na tafadhali msitumie mpira wa kufungia noti. Nimejaribu. Unavutika vutika, basi muimbaji anasikika kama anaimba yuko ndani ya ngarawa siku ya kusi.

Tano, usafi. Hedi, yaani kile kichuma kinachogusana na utepe, kisugue kwa pamba na spiriti mpaka pamba itoke nyeupe. Kijiti cha chuma kinachozunguka pembeni yake pia. Ila kile kigurudumu cha mpira kinachobana utepe mie nakisafisha kwa maji na sabuni kidogo, spiriti ikizoea inaukausha mpira ukapasuka.

Sita, hapa ndo raha. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo, mara nyengine ina springi. Ile inainamisha hedi kidogo, na hedi ikikaa vibaya sauti kali zote zinapotea, unasikia kama mtu kaweka mto juu ya spika. Tia kanda ambayo si ya thamani, yenye ganuni nyingi (ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab), cheza, halafu izungushe ile skrubu taratibu mno, robo ya robo. Sikiliza ganuni. Usisikilize muimbaji, muimbaji atakudanganya, sauti ya mtu hata ikififia utaielewa. Ganuni inaanza kama inapigwa chumba cha pili, unazungusha, inasogea, inasogea, halafu ghafla unasikia hata ukucha unapogusa uzi. Simama hapohapo! Ukipita itarudi chumba cha pili. Mie siku hiyo nilikaa pale chini saa nzima, nishamaliza kazi zamani.

Rudishia mfuniko, basi. Kabla ya kutia kanda ya thamani zungusha kwanza kwa penseli ujue utepe hauna ubishi, na vile vimeno viwili vya juu vya kaseti vivunje, ili mtoto akibonyeza kurikodi isikubali.

MASWALI

Mkaazi wa Wete: Sheikh, redio yangu inakula kanda, nikifungua nakuta utepe umejikunja kama tambi.
Jibu: Gurudumu linalopokea utepe halizunguki vizuri, utepe unatoka tu hauna wa kuupokea. Tizama mkanda wa mpira kwanza, kisha kile kigurudumu cha mpira kama kina uchafu. Usiivute kaseti kwa hasira, fungua taratibu uzungushe kwa mkono.

Kijana wa Michenzani: Yangu ya Japani kaseti inacheza safi ila redio stesheni nyingi haishiki, antena nimebadilisha.
Jibu: Antena haina kosa, yakhe. FM ya Japani inaanza 76, na redio zao za zamani zinaishia 90, za kwetu nyingi ziko juu ya hapo. Ibakishe kwa kanda.

Bi Mkubwa wa Mkoani: Mwanangu, kanda yangu imekatika katikati, naweza kuiunga kwa selotepu?
Jibu: Shikamoo bibi. Selotepu ya dukani usitie, gundi yake inavuja na joto letu hili, inagandisha mizunguko ya jirani. Upo utepe maalumu wa kuungia. Kata ncha zote mbili kwa mshazari, zikutanishe zisipandane, bandika upande unaotazama ndani ya kaseti, sio ule unaogusa hedi. Mikono isiwe na mafuta. Ikikutetemesha nitumie, nitakuungia mie.

Mkaazi wa Wete tena: Na kuhamishia kwenye kompyuta je?
Jibu: Waya kutoka tundu la hedifoni mpaka tundu la kuingizia sauti la kompyuta, programu ya Audacity ni bure. Volyumu anza chini, ikizidi sauti inapasuka na haitengenezeki tena. Weka nafasi, saa moja ya WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, inakula kama MB 635. Na usikate vipande vya kimya wala vya watu kuongea, nakuomba.

Mpenda udi: Kanda yangu ina ukungu mweupe kwenye utepe, niicheze tu?
Jibu: Hapana! Ukungu utahamia kwenye hedi na kanda zote zitakazofuata. Iweke kwenye mkebe na vile vipakti vinavyokuja ndani ya viatu vipya, siku kadhaa, kisha uizungushe nje ya nyumba utepe ukipita kwenye kitambaa laini. Funika pua.

Mke wa Baharia: Mie redio sina hata kanda sina, nauliza tu, birika lilipatikana?
Jibu: Harusi ile ilirikodiwa kaseti mbili bibie. Ya kwanza inaishia bibi bado anauliza. Ya pili ndo hiyo iliyomo kwenye mkebe na vipakti vya viatu, leo siku ya nne.