Kitambaa kimoja, masomo manne: kutengeneza na kutumia picha za kufundishia katika shule za Goma

Darasa lenye wanafunzi sitini halihitaji picha kumi ukutani. Linahitaji mbili au tatu kubwa, zinazoonekana vizuri kutoka benchi la mwisho, ambazo mwalimu anaweza kuzirudia Jumatatu katika jiografia, Jumatano katika hesabu na Ijumaa katika Kifaransa. Kabla ya kushika penseli, jiulize kitu unachotaka kuchora kinaweza kuulizwa maswali na masomo mangapi. Kama ni moja tu, kichore ubaoni kwa chaki, ukifute, basi. Kitambaa na marka viwekee kile kitakachorudi.

Kitu cha kuchorea

Mfuko wa mchele wa kilo 50 unapatikana kwa bei ndogo sokoni, na unastahimili kazi. Fumua mshono wa chini, kata ubavu mmoja, utandaze, kisha tumia upande wa ndani usio na maandishi. Nyuzi zake ni za plastiki na hufumuka upesi: kunja ukingo sentimita 2 na kuushona, au upitishe haraka karibu na mwali wa mshumaa ili ncha ziyeyuke na kushikana. Rangi ya maji haishiki kwenye plastiki, itabanduka siku ya kwanza ukiikunja. Tumia marka isiyofutika au rangi ya mafuta.

Amerikani, kile kitambaa cheupe cha pamba, ni ghali zaidi lakini hupokea rangi za kila aina. Ubaya wake ni kwamba wino husambaa kwenye nyuzi na mstari unakuwa na manyoya. Dawa yake ni kukipaka kitambaa uji wa muhogo kwanza. Koroga vijiko viwili vikubwa vya unga wa muhogo katika maji baridi kidogo, mimina ndani ya nusu lita ya maji yanayochemka, koroga mpaka weupe upotee na uji uwe kama kioo. Paka kwa brashi wakati ni vuguvugu, anika juani. Usiuzidishe uzito: uji mzito hupasuka kitambaa kikikunjwa, tena huita mende na panya. Uji uleule, ukichanganywa na makala yaliyotwangwa na kuchekechwa, hutoa rangi nyeusi nzuri kwa amerikani. Kwenye mfuko wa plastiki haufai kitu.

Chumba chenye urefu wa mita 8 kinadai herufi zisizopungua sentimita 5 kwa kimo, na mistari mikuu yenye unene wa milimita 5 au zaidi. Nyeusi, buluu na nyekundu husomeka kwa mbali. Njano hupotea kwenye kitambaa cheupe. Pia usitofautishe vitu viwili kwa nyekundu na kijani peke yake, maana wako watoto, hasa wavulana, ambao macho yao hayatengi rangi hizo. Ongeza mistari ya mshazari upande mmoja na nukta upande wa pili.

Mlima na ziwa katika mchoro mmoja

Kwa Goma, picha ya kwanza ya kutengeneza ni mkato wa nchi kutoka ziwa Kivu hadi kilele cha Nyiragongo, mlima wa volkano, kana kwamba ardhi imekatwa kwa panga na tunaitazama ubavuni. Vipimo vyake vinakaa vizuri kwenye kitambaa cha sentimita 90 kwa 120.

Uso wa ziwa uko kwenye mita 1.460 juu ya bahari, kilele kwenye mita 3.470 hivi. Tofauti ni mita 2.010. Kwa kimo, weka sentimita 1 kwa kila mita 50: mlima utapanda sentimita 40 juu ya mstari wa maji, na ziwa, ambalo pale lilipo na kina kirefu kabisa hufikia mita 480 hivi, litashuka karibu sentimita 10. Kwa urefu wa kulala, weka sentimita 1 kwa mita 250. Kutoka ufukweni hadi kileleni ni kilomita 18 hivi, yaani sentimita 72. Ziwa lenyewe haliwezi kuingia kwa kipimo hicho, kwa sababu linaenda hadi Bukavu, na kina kirefu hakianzi ufukweni mwa Goma. Chora mstari uliovunjika kama meno ya msumeno kati ya ufuko na sehemu ya kina, na uwaambie wanafunzi kwamba hapo nchi imerukwa.

Kosa ambalo mchoro huu huzaa ni mlima kuonekana kama ukuta. Vipimo viwili havilingani: kimo kimekuzwa mara tano. Usilifiche jambo hilo, ligeuze kuwa zoezi la hesabu la mwaka wa sita. Wape kazi ya kuchora mlima uleule kwa kipimo kimoja pande zote mbili, sentimita 1 kwa mita 250. Watapata mlima wa sentimita 8 juu ya mstari wa sentimita 72, na wataona wenyewe kwa nini lava huteremka mbali badala ya kurundikana.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Ukimwachia mtoto achore mlipuko, atachora moto ukifurika kwenye mdomo wa kreta kama maziwa yanayochemka. Mwaka 1977, 2002 na 2021 haikuwa hivyo. Lava ilitoka kwenye nyufa za ubavuni, na mwaka 2002 nyufa hizo zilishuka hadi karibu kabisa na mji. Kwa hiyo chora nyufa kwa nyekundu kwenye mteremko na uache mdomo wa kreta bila mafuriko. Hilo peke yake linatosha kwa kipindi kizima cha sayansi: kwa nini maji kwenye mfuko uliotobolewa chini hayangoji kufika juu ndipo yatoke?

Jambo la kuangalia: katika madarasa mengi wako watoto waliopoteza nyumba au waliokimbia. Usitundike picha za nyumba zinazoungua. Mchoro wa mkato unafundisha yote yanayohitajika bila kumrudisha mtoto usiku ule.

Mazuku kwenye chupa

Kila mtoto wa Goma amesikia habari ya mazuku, hewa inayoua katika mabonde na mashimo. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini. Ina uzito karibu mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, ndiyo sababu hukaa chini. Maneno hayo mtoto huyasahau. Mishumaa mitatu hataisahau.

Chukua chupa ya maji ya lita 5 inayopitisha mwanga, uikate ibaki kimo cha sentimita 20 na zaidi. Simamisha ndani mishumaa ya sentimita 5, 9 na 13, kila mmoja ukigandishwa kwa nta yake. Nyunyiza chini kijiko kikubwa kimoja cha bikaboneti ya jikoni. Washa mishumaa, kisha mimina siki kidogo kidogo ukifuata ukuta wa chupa, glasi moja kwa jumla. Mshumaa mfupi utazimika kwanza, halafu wa kati.

Mambo matatu huharibu. Ukimimina kwa pupa, povu litaulowesha mshumaa mfupi, na mwanafunzi mwerevu atasema umezimwa na maji, naye atakuwa na haki. Ukifanya karibu na dirisha lililo wazi, upepo utaifagia gesi. Na usifunike chupa hata kidogo: kwenye chombo kilichofungwa mshumaa mrefu mara nyingi ndio huzimika kwanza, kwa sababu moshi wa moto hupanda na kukusanyika juu, na somo lako litageuka kinyume. Mwalimu pekee ndiye anayewasha.

Baada ya hapo rudi kwenye kitambaa, waulize mazuku yatakaa wapi kwenye mteremko ule, na mtoto aje aonyeshe kwa fimbo. Kwa darasa la juu, shuka hadi chini ya ziwa. Huko gesi ya kaboni na metani zimeyeyuka katika maji mazito ya kina, zikikandamizwa na uzito wa maji yaliyo juu. Upande wa Rwanda, mtambo wa kuvuta metani hiyo na kuigeuza umeme ulizinduliwa mwaka 2016.

Kamba ya miaka

Historia na hesabu zinashirikiana kamba moja ya mita 7. Kila mwaka ni sentimita 5, mwanzo ni 1885, mwaka ilipoundwa Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mwaka 1908 nchi inapokuwa koloni ya Ubelgiji ni sentimita 115. Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 uko 375. Jina la Zaire, 1971, liko 430; kurudi kwa jina la Kongo, 1997, liko 560. Milipuko ya Nyiragongo inakaa kwenye 460, 585 na 680.

Tumia kamba ya katani. Ya nailoni huvutika, na baada ya wiki mbili miaka yako itakuwa imehama. Piga alama kamba ikiwa imekazwa, na kadi zining'inizwe kwa vibanio vya nguo ili zitoke na kurudi. Kipindi kizuri ni kile ambacho kadi zote zimeondolewa na watoto wanazirudisha kwa kuhesabu. Kati ya 1977 na 2002 kuna sentimita 125, kati ya 2002 na 2021 kuna 95. Ngapi kwa miaka? Mtu ataropoka kwamba mlipuko ujao unajulikana sasa. Mkatize hapo hapo: nafasi mbili si kanuni, na wataalamu hupima mitetemeko na gesi, hawahesabu kamba.

Chukudu kwa lugha

Kwa Kifaransa na Kiswahili, mchoro mmoja wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, iliyobeba mzigo unafanya kazi kuliko ukurasa wa msamiati. Magurudumu mawili ya mbao yenye ukanda wa mpira, usukani, ubao wa mzigo, kipande cha mpira kinachokanyagwa kuwa breki ya nyuma. Kila mtoto anaijua, na wengi wameiona pia kama sanamu mjini.

Usiandike jina lolote juu ya picha. Neno likiwa limeandikwa, anayejua kusoma analisoma tu bila kutazama, na asiyejua anaona aibu. Tengeneza kadi za sentimita 10 kwa 30: *la roue*, *le guidon*, *le chargement*, na seti nyingine ya Kiswahili. Seti moja tu ionekane kwa wakati mmoja. Utaratibu wa maswali ni huu: dakika moja ya kutazama kimya, kisha wanaona nini, kisha mtu anafanya nini, kisha kwa nini, kisha nini kitatokea akifika kwenye mteremko. Walimu wengi huruka dakika ya kimya, na ndipo watoto watatu walewale hujibu yote.

Picha hiyohiyo kwenye hesabu: gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 30 lina mzingo wa sentimita 94 hivi, basi litazunguka mara 106 kwa mita 100. Katika sayansi: msuguano wa breki. Katika elimu ya uraia: haki ya njia barabarani.

Sehemu za hesabu, yaani nusu, theluthi, robo, usizichore kwa duara la mkate. Theluthi ya duara ni ngumu kukata sawa. Kata vipande vya karatasi ngumu vya sentimita 24, maana 24 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12 bila baki. Vipande vyote vitoke urefu mmoja, la sivyo mtoto atalinganisha nusu ya kitu kidogo na robo ya kikubwa na kudhani robo inashinda.

Kutundika na kutunza

Usitundike kati ya madirisha mawili. Mwanga unaoingia utawapofusha watoto. Tumia ukuta unaotazamana na madirisha, ukingo wa chini ukiwa mita moja kutoka sakafuni. Funika picha kwa kitenge mpaka wakati wake ufike, na baada ya kipindi ishuke. Picha iliyokaa ukutani mwezi mzima hakuna anayeiona tena.

Vumbi jeusi la mawe ya lava hupanguswa kwa kukung'uta nje. Kulifuta kwa kitambaa kibichi ni kulipaka. Kisha zungushia picha kwenye mti mnene kama kifundo cha mkono, upande wa rangi ukiwa nje ili isivunjike, funga kwa mpira wa baiskeli, na andika kwa nyuma jina la picha na madarasa yanayoitumia, ili mwalimu wa zamu ya mchana asifungue mizigo yote akitafuta mmoja.