Jinsi ya kuongoza chama cha wakazi wa mtaa wakati wa janga la maradhi

Mwongozo huu ni wa viongozi wa vyama vya wakazi katika mitaa ya miji ya Kenya, wale wasiolipwa. Kafyu ya korona ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, chama chenye orodha ya nyumba kilijua pa kuanzia. Kisicho nayo kilianza kwa kubishana WhatsApp.

1. Orodha ya nyumba

Daftari moja, mstari mmoja kwa kila nyumba: namba ya nyumba, simu mbili, idadi ya watu, nani anaishi peke yake, nani anameza dawa kila siku, nani ana mimba na anatarajia lini, nani ana gari. Piteni mlango kwa mlango pamoja na balozi wa Nyumba Kumi. Wanaosahaulika karibu kila mara ni wapangaji wa vyumba vya nyuma, yaya wanaolala kazini na askari wa geti.

Kila mjumbe wa chama apewe nyumba 10, zisizidi 12. Akipewa 30 atapiga simu siku mbili kisha anyamaze.

Safu ya afya ibaki kwa watu wawili tu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu habari ya afya kuwa nyeti, lakini sababu kubwa zaidi ni hii: jina la mgonjwa likivuja kwenye kundi, mgonjwa anayefuata atajificha.

2. Maji getini

Ndoo yenye mfereji ina kasoro moja: kila mkono mchafu unaushika. Kibuyu chirizi, mtungi unaoinamishwa kwa kukanyaga kijiti, hakishikwi. Simika nguzo mbili zenye panda, urefu mita 2, kwenye mashimo ya sentimita 50, zikiachana kama sentimita 70. Laza mti juu yake. Toboa mtungi wa lita 5 kwa msumari uliopashwa moto, sentimita 12 kutoka chini, kisha uutundike, shingo yake ikifungwa kamba inayoshuka hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Tundu likiwa kubwa, maji yataisha kabla ya saa nne asubuhi. Mwaga kokoto chini, la sivyo patakuwa matope na watu watapakwepa. Sabuni itobolewe na kufungwa kamba, maana huibiwa.

3. Jiki

Jiki ni dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, na hapa ni ya kuua vijidudu. Soma kibandiko kwanza. Ikiwa klorini ni asilimia 3.5, kipimo 1 cha jiki kwa vipimo 6 vya maji hutoa asilimia 0.5, inayotosha vitasa, reli za ngazi na geti. Changanya asubuhi, mwaga inayobaki baada ya saa 24, kwa kuwa nguvu hupotea, hasa juani. Usichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi ya sumu. Na msimnyunyizie mtu. Vibanda vya kunyunyizia watu vilivyozuka 2020 viliunguza macho tu, havikuzuia virusi.

4. Pesa na chakula

Hapa ndipo vyama huvunjika. Michango isiingie kwenye simu ya mwenyekiti. Tumieni paybill (namba ya malipo ya M-Pesa ya chama) au akaunti ya benki inayohitaji sahihi mbili. Kila Jumapili mweka hazina abandike kilichoingia, kilichotoka na picha za risiti, bila majina ya waliosaidiwa. Ombeni kidogo kila wiki, shilingi 50 au 100, badala ya 2,000 mara moja.

Kaya ya watu 5 kwa wiki: unga pakiti 4 za kilo 2, maharagwe kilo 2, mafuta lita 1, chumvi, mche mmoja wa sabuni. Nunueni mboga kwa mama mboga wa mtaa huohuo. Naye amepoteza wateja. Mifuko ipelekwe nyumba kwa nyumba. Ukiita watu wapange foleni, umekusanya umati na kuwaaibisha kwa pamoja.

5. Mgonjwa na usiku

Mjumbe apigie simu nyumba iliyojitenga kwa sababu ya mgonjwa mara mbili kwa siku, na vitu viachwe mlangoni. Midomo ikigeuka samawati, au mtu akashindwa kumaliza sentensi bila kuhema, ni hospitali, si chai ya tangawizi. Madereva wawili wakubali zamu kila wiki, na kituo cha polisi kipewe namba za magari yao mapema. Uchungu wa uzazi haungoji kafyu iishe.

6. Zamu

Wiki mbili kazini, moja nyumbani, simu ya chama ikikabidhiwa mwingine. Mwenyekiti ndiye aanze kupumzika, la sivyo wengine wataona haya.