Namna ya Kuusoma Uamuzi wa Baraza la Kanisa Kabla ya Kuutangaza Umoja

Kwetu Unguja, baraza ni jiwe kabla ya kuwa mkutano: ni kile kikalio cha mawe na chokaa nje ya nyumba za Mji Mkongwe, ambapo wazee hukaa baada ya alasiri, kahawa ikapita, na shauri likazungumzwa mpaka likaiva au likaahirishwa hadi kesho. Hapo hakuna anayenyoosha mkono ili ahesabiwe. Mkristo wa visiwani anayetumwa kuwa mjumbe wa sinodi, yaani mkutano wa kanisa wa kuamua mambo yake, au wa kamati ya ibada za pamoja, asiisahau picha hiyo, kwa sababu mabaraza ya Kanisa yamekuwa yakivutana kati ya njia hizo mbili, ya kura na ya kauli moja, tangu zamani.

Ukipokea habari kwamba baraza fulani limeamua, uliza kwanza ni nani waliokuwa na kura. Katika mtaguso mkuu wa Kanisa Katoliki, yaani mkutano wa maaskofu wa dunia nzima, wanaopiga kura ni maaskofu hasa, na hati haiwi na nguvu mpaka Papa aithibitishe. Waanglikana hukutana katika sinodi yenye nyumba tatu, yaani ya maaskofu, ya makasisi na ya walei, na katika mambo mazito kura huweza kuhesabiwa kila nyumba peke yake, hivyo walei wakaweza kulizuia jambo ambalo maaskofu wote wamelipenda. Kwa upande mwingine, maazimio ya maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima katika mkutano wao uitwao Lambeth ni ushauri tu, wala hayalifungi jimbo lolote kisheria. Mtu asiyejua tofauti hii atashangilia ushauri kana kwamba ni amri.

Kisha tazama jinsi kura zilivyohesabiwa, na hapa pana mengi ya kujifunza. Katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya 1962 na 1965, kila hati ilihitaji theluthi mbili, lakini katika hatua za matayarisho askofu hakubanwa kati ya ndiyo na hapana. Aliweza kusema ndiyo kwa masharti, akaandika marekebisho yake, na tume ikalazimika kuyapitia. Ndiyo maana hati kuhusu umoja wa Wakristo, ilipopigiwa kura ya mwisho tarehe 21 Novemba 1964, ilipata kura 2,137 za kuikubali na 11 tu za kuikataa: waliokuwa na shaka walikwisha kusikilizwa njiani.

Baraza la Makanisa Ulimwenguni, lililoundwa Amsterdam mwaka 1948, lilikwenda mbali zaidi. Makanisa ya Kiorthodoksi yalilalamika kwamba kila mara yanazidiwa kwa wingi na makanisa ya Kiprotestanti, na katika mkutano mkuu wa 2006 huko Porto Alegre mambo mengi yakaamuliwa kwa mwafaka. Mjumbe huonyesha kadi ya rangi ya chungwa akivutiwa na hoja, na ya buluu akiwa na wasiwasi, na mwenyekiti huwauliza wenye buluu sababu zao. Mwafaka haumaanishi kwamba wote wamefurahi. Maana yake ni kwamba asiyeafiki amekiri kuwa amesikilizwa na hatazuia njia. Njia hii nayo ina gharama zake: mtaguso wa Waorthodoksi uliokutana Krete mwaka 2016 ulipangwa kuamua kwa kauli moja, na makanisa manne kati ya 14 hayakufika.

Jambo la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi, nalo ni kama uamuzi umepokelewa. Mtaguso wa Kalkedonia wa mwaka 451 uliamua juu ya Kristo, lakini Wakopti wa Misri na Waethiopia hawakuupokea, na utengano huo upo hadi leo. Sisi wa Zanzibar tuliousikia mwafaka wa kisiasa wa CCM na CUF wa 1999, kisha ukahitajika mwingine mwaka 2001, hatuna haja ya kuelezwa zaidi kwamba saini ni mwanzo tu wa safari.

Historia ya Mkunazini, penye kanisa kuu la Kianglikana la Unguja, inao mfano wake. Mwezi Juni 1913, huko Kikuyu, Kenya, wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri, Kimethodisti na wengine walipanga kushirikiana, wakamaliza kwa kushiriki Meza ya Bwana pamoja. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, akawashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Wengi humwona kuwa mpinga umoja. Mimi sioni hivyo, kwa kuwa mwaka 1920 alikuwapo Lambeth na kuunga mkono wito wa umoja uliotolewa kwa Wakristo wote. Alichokikataa ni kuanzia mezani kabla ya kukubaliana juu ya imani na daraja takatifu.

Kwa hiyo, kamati yenu ikijiandaa kwa Juma la Kuombea Umoja, tarehe 18 hadi 25 Januari, anzeni na yale ambayo tayari ni ya wote: masomo, sala na ubatizo. Biblia ya Kiswahili ya 1952 ni kielelezo kizuri, maana ilichukua mahali pa tafsiri tofauti za Unguja na Mombasa, na leo Mlutheri na Mwanglikana huisoma bila kuuliza ni ya nani. Suala la Ekaristi liacheni wazi, tena liandikeni kuwa liko wazi.

Nasema haya kwa kuwa nilipata kukosea. Nikiwa katibu wa kamati ndogo ya ibada ya pamoja, niliandika katika muhtasari kwamba sote tumekubaliana, ilhali mzee mmoja alikuwa amenyamaza kikao kizima. Siku ya ibada mabenchi ya watu wake yalikuwa matupu. Nilipomwendea nyumbani aliniambia, “Mwanangu, mimi sikukataa, lakini hukuniuliza.” Tangu siku hiyo humwuliza kila aliyenyamaza kwa jina lake, na muhtasari nausoma kwa sauti kabla kahawa haijaletwa, kwa sababu kahawa ikishafika watu hutia saini chochote.