Somo: Kisa cha Kima na Mamba kwa Watoto, kwa Maneno na Picha

Kisa hiki kimo katika Panchatantra ya Uhindi, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu kutoka lugha ya Uajemi. Waswahili wa pwani husimulia kisa hicho mamba akiwa papa. Sisi wa Kisumu na tumrejeshe mamba, maana ziwa letu linaye.

Hatua ya kwanza: Kisome, ufunge kitabu, kisha umsimulie mtoto kwa mdomo. Anapouliza "halafu?", hapo ndipo pa kukatia ukurasa.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo roho ya kazi, ni kugawa kurasa. Karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati na kushonwa hutoa kurasa 16. Kima yuko mgongoni mwa mamba, wamefika kilindini, na mamba anakiri kwamba mkewe anautaka moyo wa kima. Kauli hiyo ifunge ukurasa wa kulia, ili ujanja wa kima, anayedai kuwa moyo ameuacha mtini, usionekane mpaka mtoto afunue. Wachoraji wengi humweka kima mtini ubavuni mwa maneno hayo hayo, na hamu yote ikaisha.

Hatua ya tatu: Picha iseme yale ambayo maneno yameyaacha. Badala ya kuandika "kima aliogopa", chora vidole vilivyong'ang'ania magamba, na ufuo wa Dunga ukiwa mstari mwembamba kwa mbali. Mti wa kima uwe mzambarau, ambao watoto wetu wanaujua kwa ndimi zao. Rangi za maji zinatosha.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, Kakamega: Je, naweza kuweka kiboko badala ya mamba?
Jibu: Hapana, mwalimu. Kiboko hula majani, na mtoto wa ziwani atauliza moyo ni wa nini.

Mama wa watoto wawili, Nakuru: Funzo liandikwe mwishoni?
Jibu: Mama, liache. Mtoto aliyefunua ukurasa ule amekwisha kulipata.

Mchoraji, Kisumu: Naruhusiwa kunakili picha za kitabu kipya?
Jibu: Ndugu, kisa cha kale ni cha wote, lakini picha ni mali ya mchoraji wake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huilinda kazi ya namna hiyo hadi miaka 50 baada ya kifo chake. Chora zako.