Namna ya kuandaa mdahalo wa kata kuhusu kifungo cha maisha kwa wahalifu sugu

Mdahalo wa jambo hili huharibika kabla msemaji wa kwanza hajasimama, na kinachouharibu ni mada. Andika "Wahalifu sugu wafungwe maisha au wasifungwe?" na ukumbi mzima utatumia saa mbili kulaani wezi, jambo ambalo hakuna anayelibishia. Kinachogombaniwa hasa ni nani apime adhabu: Bunge, mapema na kwa watu wote, au hakimu aliyemwona mshtakiwa na kusikia ushahidi. Kwa hiyo iandikeni hivi: "Sheria imlazimishe hakimu kumfunga maisha mtu anayetiwa hatiani mara ya tatu kwa kosa la kutumia nguvu au silaha." Neno "imlazimishe" lisiondolewe hata kidogo. Kubalianeni pia kosa la zamani lihesabiwe kwa miaka mingapi, la sivyo swali hilo litaibuka katikati na kula muda wa watu.

Kwa Arusha, Jumapili saa tisa alasiri ndiyo inayofaa: ibada zimekwisha, Wasabato wako huru, na wauza mboga wa soko la Kilombero wanaweza kumwachia mtu meza. Mkitumia ukumbi, mtendaji wa kata ajue. Mkitaka uwanja wa wazi, peleka taarifa ya maandishi kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, si chini ya saa 48 kabla.

Wiki moja kabla, wasemaji wanne wapewe vifungu vya sheria vilivyochapwa, wasitegemee ya kusikia. Hukumu zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Wajue kwamba adhabu za lazima tunazo tayari: unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, ni miaka isiyopungua 30 hata kwa kosa la kwanza. Wizi wa kawaida, kifungu cha 265, hauzidi miaka saba.

Hapo ndipo penye utamu wa mjadala, na tunashauri mpapitie polepole. Andaeni karatasi ya kesi ya kubuni: kijana amempokonya mama simu karibu na stendi, shahidi mmoja anasema alishika kisu, mwingine anasema hakuona kitu mkononi. Wasomeeni watu, kisha kila mmoja aandike adhabu anayoona inastahili kabla ya kuambiwa sheria inasemaje. Baadaye onyesheni kwamba hati ya mashtaka ikitaja kisu na kikathibitika, hakimu hawezi kushuka chini ya miaka 30. Ikiandikwa wizi wa kawaida, hawezi kuvuka saba. Watu wataona wenyewe kwamba sheria ya lazima haiondoi uamuzi wa binadamu. Inauhamisha, kutoka kwa hakimu anayesikilizwa na umma hadi kwa anayeandika hati ya mashtaka ofisini.

Wanaounga mkono wana jibu zito, na lisibezwe: hakimu akiwa na uhuru wa kupunguza, mwenye fedha ndiye atakayepunguziwa. Mpeni msemaji wao nafasi ya kulijenga vizuri. Wapinzani nao waeleze kwamba uhalifu hupungua kadiri mtu anavyozeeka, na kwamba jambazi anayejua kifungo chake hakiwezi kuongezeka hana sababu ya kumwacha shahidi hai.

Mfano wa Marekani utatajwa, na mara nyingi hutajwa vibaya. Jimbo la Washington lilianza mwaka 1993, na kule kosa la tatu ni maisha bila kutoka. California ilifuata mwaka 1994 na kwao ni miaka 25 hadi maisha. Gary Ewing alipata adhabu hiyo kwa kuiba fimbo tatu za gofu, kila moja dola 399, akizificha ndani ya mguu wa suruali. Mwaka 2003 majaji watano kati ya tisa wa Mahakama ya Juu waliiacha isimame. Mwaka 2012 wapiga kura wa California wakalegeza sheria, kosa la tatu kwa kawaida likatakiwa nalo liwe zito au la kutumia nguvu.

Msisahau jirani yetu, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapa hapa Arusha. Novemba 2019, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania, ilisema hukumu ya kifo ya lazima inavunja haki ya kuishi kwa sababu inamnyima jaji nafasi ya kupima. Mwenyekiti akumbushe kwamba ile ilihusu kifo. Hoja yake inaweza kuazimwa, lakini haijaamua lolote kuhusu kifungo cha maisha.

Muda: kura ya kwanza dakika 10, karatasi ya kesi 20, wasemaji wanne dakika saba saba, ukumbi dakika 40, kila mchangiaji mbili, hitimisho tano kila upande, kura ya pili 10. Jumla 118.

Kura ipigwe kwa punje, harage ni naunga, hindi ni napinga, ndani ya ndoo iliyofunikwa kitambaa, maana mikono ikinyooshwa hadharani watu huogopa kuonekana wanatetea wezi. Aliyepiga ya kwanza apewe kikaratasi chenye mhuri. Bila hicho hapigi ya pili. Waliochelewa wakichanganywa, hamtajua nani alibadili mawazo.

Mambo mawili mwenyekiti ayakatize papo hapo: kumtaja jirani kwa jina, na kuizungumzia kesi iliyo mahakamani. Akisimama aliyevunjiwa nyumba, asikatwe kwa kengele. Amalize, kisha aulizwe kwa upole kama angetaka hakimu amsikilize yeye kabla ya kupanga adhabu. Akisema mtu "dawa yao ni tairi", yaani wachomwe moto, jibu liwe fupi: hiyo siyo mada, na ni kosa la jinai.

Karani aandike hesabu za kura zote mbili na sababu tatu zilizorudiwa zaidi kila upande, na nakala ipelekwe kwa mbunge ndani ya wiki.