Matokeo ya programu yasipoonekana kwenye konsoli ya dibaga

Juma lililopita nilikaa na kijana aliyeandika programu ya C ya kujumlisha mauzo ya duka. Kwenye teminali ya Linux kila printf (amri ya C ya kuchapisha maandishi) ilionekana papo hapo, lakini ndani ya dibaga (zana ya kusaka makosa ya programu) ya Eclipse kwenye Windows aliipitia mistari 12 hatua kwa hatua huku konsoli ikibaki tupu, na programu ilipokwisha maandishi yote yakamwagika kwa mkupuo.

Hatua ya 1: Hakikisha unatazama dirisha sahihi. Kwenye Visual Studio, maandishi ya OutputDebugString (amri ya Windows ya kutuma ujumbe kwa dibaga) huenda kwenye dirisha la Output, ilhali ya printf huenda kwenye konsoli ya programu. Kwa Python kwenye VS Code, weka `"console": "integratedTerminal"` katika launch.json, faili la mipangilio ya dibaga.

Hatua ya 2: Chunguza bafa, yaani hifadhi ya muda ambamo maandishi hungoja kabla ya kutolewa. Kwa kawaida stdout (njia ya kawaida ya matokeo ya programu) ikiunganishwa na teminali ya Linux au macOS, maandishi hutolewa kila mstari unapokamilika; ikiunganishwa na paipu (njia ya kupitisha maandishi kwenda programu nyingine), kama baadhi ya dibaga zifanyavyo, hurundikwa hadi bafa ijae au programu ifungwe vizuri. Programu ikianguka ghafla, yaliyomo ndani ya bafa hupotea, na kwa hiyo mstari wa mwisho unaouona si lazima uwe wa mwisho kutekelezwa. Usianze kuwinda kosa hapo.

Dawa ninayoipendelea ni kuizima bafa kwa kuandika mstari huu mwanzoni kabisa mwa main, kabla ya printf yoyote, kwa kuwa stdout ikishatumiwa huwa umechelewa:

`setvbuf(stdout, NULL, _IONBF, 0);`

Usishawishike kutumia `_IOLBF`, inayokusudiwa kutoa maandishi kila mstari unapokamilika. Mimi nilipoteza mchana mzima kwa sababu yake: kwenye Linux ilinifaa, lakini maktaba ya C ya Microsoft huichukulia sawa na `_IOFBF`, yaani hungoja bafa ijae, na ukiipa ukubwa wa 0 huihesabu kuwa hoja batili, kosa ambalo kwa kawaida huiangusha programu. Kutawanya fflush (amri ya kumwaga yaliyomo ndani ya bafa) kila mahali nako sikupendi, kwani mmoja ukisahauliwa unarudi ulikotoka. Kwa Python, `python -u` inatosha.

Ikiwa programu imekwisha kusimama ndani ya dibaga ya gdb na hutaki kuianza upya, andika `call (int)fflush(0)`. Kwenye LLDB, dibaga ya macOS, tumia `expr (int)fflush(0)`.

Hatua ya 3: Ujumbe wa uchunguzi upeleke stderr, njia ya ujumbe wa makosa. Hiyo haina bafa ya kungojewa ijae.

Hatua ya 4: Zungushia setvbuf kwa `#ifdef`, ili iingie tu unapochunguza makosa, kabla ya kumkabidhi mtumiaji programu, kwa sababu bila bafa uandishi huitwa mara nyingi zaidi, na ripoti ya maelfu ya mistari huchelewa.